Alipokonda tuliagizwa tumnenepeshe. Sasa amenenepa, tumlishe vipi?

Mama Mdogo, Kisauni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo limegawanya nyumba yetu, ingawa sote tuliomo tunamtakia mema mtoto yule yule mmoja.

Ninamlea binti wa marehemu dada yangu. Alizaliwa na VVU, alitimiza miaka 9 mwezi uliopita, na yuko mikononi mwangu tangu akiwa na miaka 3. Alipokuja kwangu alikuwa macho na mifupa. Ule utepe wa kupimia mkono ulipozungushwa ulisimama kwenye sentimita 11, ndani kabisa ya rangi nyekundu, tukapewa zile pakiti za lishe ya karanga na tukaagizwa tutie mafuta katika kila bakuli la uji. Mamangu mzazi, ambaye ndiye nyanya yake, aliyashika maagizo hayo kama amana na mpaka leo hajayaachilia.

Alipofika miaka 6 alibadilishiwa dawa. Iliondolewa ile lopinaviri chungu, ambayo alikuwa akiitema hata tukimchanganyia na kitu kitamu, akawekwa kwenye dolutegraviri pamoja na abakaviri na lamivudini, na tangu siku hiyo hatujavutana naye tena. Vipimo vya wingi wa virusi vimekuwa vikirudi vizuri, virusi havionekani. Lakini mwili nao umebadilika. Sasa ana kilo 31 na kimo cha sentimita 126, tumbo limemtangulia, na sare ya shule tuliyomshonea Januari imeshafumuliwa ubavuni mara mbili.

Asubuhi hunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, kwa mahamri matatu na mbaazi za nazi. Shuleni hununua viazi karai au kachiri za muhogo, akirudi anakuta soda aliyowekewa na nyanya yake, na usiku ni wali wa nazi au chapati kwa mchuzi. Juu ya hayo bado kuna uji wa siagi ya karanga kabla ya kulala, kama tulivyoagizwa miaka 6 iliyopita.

Afisa wa lishe wa sasa ametuambia tupunguze mafuta na sukari, na akaomba kipimo cha mafuta katika damu. Mamangu alikasirika, akasema ni watu wale wale waliotuambia tumnenepeshe. Jirani mmoja anayeijua siri yetu anasema ni dawa mpya na tuombe iondolewe. Nami nina hofu ambayo sikuweza kuitamka pale kliniki: hapa mtaani, mtu akimwona mtoto amekonda, na anakumbuka kuwa mamake alifariki akiwa kijana, hahitaji kuambiwa jambo lolote. Unene wa mtoto huyu ndio pazia letu. Je, ni dawa au ni chakula? Ni kweli nazi yote iachwe? Na nitampunguzia vipi bila kumrudisha kule alikotoka?

Afisa Lishe, Changamwe

Wa aleikum salaam dadangu, na shukurani kwa kuandika uzito pamoja na kimo, kwa sababu wengi huuliza swali hili kwa neno "amenenepa" peke yake, na neno hilo halipimiki. Chukua kilo 31, uzigawanye kwa 1.26 iliyozidishwa kwa 1.26, unapata 19.5, ambayo ni uwiano wa uzito na kimo (BMI). Katika chati za Shirika la Afya Duniani, msichana anayetimiza miaka 9 huwa katikati kwenye 16.1, uzito uliozidi huhesabiwa kuanzia takriban 18.3, na unene wa kupindukia kuanzia takriban 21.5. Binti yenu ameuvuka mstari wa kwanza na hajaufikia wa pili. Kimo chake kiko chini ya wastani wa umri wake, ambao ni kama sentimita 132, ingawa hajafikia kiwango cha kudumaa. Hilo ni la kuzingatia, kwa kuwa mtoto aliyekosa lishe katika miaka ya mwanzo hurudisha uzito upesi na kimo polepole, na chakula kinachozidi wakati kimo kinasuasua huishia kuwa mafuta.

Naomba umwambie nyanya kuwa hakukosea, na walioagiza mwanzo hawakukosea. Mwongozo ni ule ule. Mtoto ndiye aliyehama daraja. Mtoto mwenye VVU asiye na dalili za ugonjwa na anayekua huhitaji nishati zaidi ya mwenzake kwa asilimia 10 hivi. Mwenye maradhi ya muda mrefu, kama ya kifua au kuharisha kusikokoma, huhitaji asilimia 20 hadi 30 zaidi. Yule anayepungua uzito au aliyekonda sana huhitaji asilimia 50 hadi 100 zaidi, na huko ndiko alikokuwa wenu alipokuwa na miaka 3. Alipopona aliingia daraja la kwanza, lakini sahani yake ikabaki la tatu.

Watu hushtuka nikiwaonyesha ile asilimia 10 kwa macho. Kwa msichana wa umri huu ni kama kalori 170 hadi 180 kwa siku, ambazo ni yai moja la kuchemsha na ndizi moja mbivu. Basi. Hakuna sahani ya pili humo, wala hakuna bakuli la uji la saa tatu usiku.

Kuhusu dawa, msiiguse, na msikubali jirani awashawishi mwiiguse. Ni kweli dolutegraviri imehusishwa na kuongezeka uzito kwa watu wazima. Kwa watoto kuna utafiti uitwao ODYSSEY, uliochapishwa mwaka 2021, uliowafuatilia watoto zaidi ya 700 katika nchi za Uganda, Zimbabwe, Afrika Kusini, Thailand na za Ulaya. Waliotumia dolutegraviri walidhibiti virusi vizuri zaidi kuliko waliotumia dawa nyingine za kawaida, uzito wao uliongezeka kwa tofauti ndogo, na kimo chao nacho kiliongezeka. Inayojulikana zaidi kwa kupandisha mafuta ya damu ni ile mliyoiacha. Mkiirudia lopinaviri kwa sababu ya tumbo, mtakuwa mmerudisha uchungu na mafuta kwa pamoja.

Hata hivyo VVU wenyewe wana sehemu yao. Mwili ulioishi na virusi tangu uchanga hubaki na mwako wa ndani usioonekana hata vinapodhibitiwa, na mwako huo huvuruga jinsi insulini, ile homoni inayodhibiti sukari ya damu, inavyofanya kazi na jinsi mafuta yanavyosafirishwa katika damu. Ndiyo maana tunapima mapema. Mtoto huyu, akiendelea na dawa zake, anatarajiwa kufika uzeeni, na mishipa aliyonayo leo ndiyo atakayofika nayo huko.

Sasa jikoni. Mimi sijawahi kumwambia mtu wa Pwani aache nazi, kwa sababu najua atakachoacha ni kuja kliniki. Mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha kolesteroli, hilo halina ubishi, lakini katika orodha yako nazi ni ya tatu. Ya kwanza ni sukari. Soda ya mililita 300 ina gramu kama 32 za sukari, karibu vijiko vinane vya chai, ilhali wataalamu wa moyo wa Marekani wanashauri mtoto asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Soda peke yake imeshapita, na bado hatujaihesabu chai. Ya pili ni vya kukaangwa, hasa vinavyouzwa nje ya lango la shule, ambavyo mafuta yake yamechemshwa tangu juzi.

Kwa hiyo soda iondoke leo, si kesho. Sukari ya chai ishuke kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi wake hautanuna. Hamri liwe moja, lakini mbaazi zibaki na ziongezwe, kwa kuwa ndizo zinazoshibisha na zina protini na nyuzinyuzi; zipikwe kwa tui jepesi, kasimile iwekwe akiba ya siku ya wageni. Uji wa usiku uhamie asubuhi, bila siagi wala mafuta ya kuongeza. Samaki, dagaa, maharagwe, mchicha, kisamvu na matunda visipunguzwe hata kidogo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao humpa kalsiamu, ambayo ataihitaji sana atakapoanza kurefuka kuelekea ubalehe. Mtoto anayekua hapunguzwi kilo. Tunachotaka ni uzito usimame karibu hapo ulipo huku kimo kikipanda.

Mzazi, Likoni

Dadangu, pole kwa kazi ya ulezi, na hongera kwa vipimo vya virusi.

Mimi mwanangu alianza dawa mwaka 2009, na miongoni mwazo ilikuwamo stavudini, ambayo wakati huo ilikuwa ya kawaida na baadaye ikaondolewa kwa sababu ya madhara yake. Nawaeleza wazazi wa sasa niliyoyaona ili walinganishe wenyewe. Mashavu yalibonyea, makalio yakaisha, miguu ikawa myembamba hata mishipa ikachora ramani juu ya ngozi, na wakati huo huo tumbo likatokeza. Hayo ndiyo mafuta kuhama mahali pake kwa sababu ya dawa. Mtazame binti yako mikono, mapaja na mashavu. Ikiwa vyote vimejaa pamoja na tumbo, basi huo ni unene wa kawaida. Ikiwa miguu inakonda huku tumbo likikua, mweleze daktari bila kuchelewa.

Lakini nililokusudia kuandika hasa ni juu ya pazia, kwa kuwa nami nililitundika nyumbani kwangu kwa miaka mingi. Nilikuwa nikimlisha mwanangu kwa ajili ya macho ya watu. Nilimbana ale mbele ya wageni. Siku moja, akiwa na miaka 10 na bado hajui kikamilifu hali yake, aliniuliza kwa nini ndugu zake wakikataa chakula wanaachwa, na yeye akikataa mimi nalia. Sikuwa na jibu la kumpa. Tulikwenda kwa mshauri nasaha wa pale CCC, yaani kliniki ya huduma za VVU, na mazungumzo ya kumweleza hali yake yalianza wiki hiyo.

Kwa upande wa chakula, kilichotusaidia kilikuwa kitu kidogo. Sisi hula kwenye sinia, na sinia halina mizani: anayekula upesi hushiba mara mbili, na mwenye kuhesabu hayupo. Sikutaka kumtenga kwa sahani yake peke yake, maana kumtenga kungekuwa tangazo. Nikaanza kupakulia kila mtu sahani yake siku za kazi, baba, watoto na mimi mwenyewe, na sinia likabaki la Ijumaa na la sikukuu. Nyumba nzima iliacha soda, ikarudi kwenye maji na, msimu ukiruhusu, madafu. Hakuna aliyejua ni kwa ajili ya nani. Shinikizo la damu la babake nalo likashuka, ingawa hilo hakulikusudia mtu.

Na mwache acheze. Jioni ufuoni hakuna anayemtazama mtoto akashangaa kwa nini anakimbia.

Mama Mdogo, Kisauni

Nimesoma majibu yenu mara mbili, na la sinia nimelisomea mamangu kwa sauti. Alinyamaza, na kwake kunyamaza ni nusu ya kukubali. Nimemtazama mtoto kama mlivyoniagiza: mikono, mapaja na mashavu vyote vimejaa.

Majibu ya damu yametoka leo. Kolesteroli ni 4.6, na trigliseridi, ile aina nyingine ya mafuta ya damu, ni 2.1. Lakini ni lazima niseme ukweli: hatukuambiwa aende bila kula, na asubuhi hiyo alikuwa ameshakunywa chai yake na kula mahamri mawili kabla hatujapanda matatu.

Kuna mambo mengine mawili. La kwanza, nyuma ya shingo yake ngozi imekuwa nyeusi na nene. Tulidhani ni uchafu, na mamangu amekuwa akimsugua kwa dodoki na sabuni kila Alhamisi jioni hadi mtoto analia, na weusi hautoki. La pili, mamangu alimnunulia dukani dawa ya maji ya kuongeza damu yenye madini ya chuma, na vidonge vya kalsiamu, na humpa vyote saa mbili usiku pamoja na dawa zake ili asisahau.

Afisa Lishe, Changamwe

Dodoki liwekwe chini usiku huu huu, tafadhali.

Ngozi inayokuwa nyeusi, nene na laini kama mahameli nyuma ya shingo, na wakati mwingine kwapani, mara nyingi ni ishara kuwa insulini ni nyingi katika damu kwa kuwa mwili umeacha kuitikia sawasawa. Si uchafu, haina uhusiano na usafi wa mtoto, na kusugua huiumiza tu. Huweza kufifia uzito ukitengemaa. Peke yake haithibitishi kisukari, lakini inatosha kumfanya apimwe sukari ya damu, nawe usingoje tarehe yenu ya kawaida ya kliniki. Ukimwona anakojoa mara kwa mara usiku, anakunywa maji kupita kawaida yake, au uzito unashuka wenyewe, mpeleke siku hiyo hiyo.

Kuhusu majibu, kolesteroli haitikiswi sana na mlo mmoja, kwa hiyo 4.6 tunaichukua kama ilivyo. Kwa watoto tunapenda iwe chini ya 4.4, na tunaiita ya juu kuanzia 5.2, hivyo yake iko katikati, ni ya kuangaliwa. Trigliseridi ni habari nyingine kabisa. Hizo hupanda baada ya chakula, na kwa mtoto ambaye hajafika miaka 10 tunataka zisifike 1.1 akiwa hajala. Ile 2.1 ina mahamri ndani yake, na hatuwezi kujua ni kiasi gani cha mahamri na kiasi gani cha mtoto. Omba kipimo kirudiwe, pamoja na cha sukari. Ale chakula cha jioni mapema, kisha asile kitu usiku kucha, anywe maji matupu tu, na damu itolewe asubuhi ya mapema. Mbebee yai na ndizi kwenye mkoba, akitoka tu ale. Usiku huo dawa zake za VVU anywe kama kawaida kwa maji.

Kuna kosa ambalo nimeliona kwa wazazi wenye bidii, nalo ni kumwanzishia mtoto chakula kipya siku tatu kabla ya kipimo ili majibu yapendeze. Majibu yanayopendeza hayatusaidii.

Mfamasia, Mtwapa

Nimeingia kwa ajili ya kile kikombe cha saa mbili usiku, kwa kuwa sikutaka kipite.

Kalsiamu na madini ya chuma hujishikiza kwenye dolutegraviri ndani ya utumbo na kuizuia isiingie vizuri katika damu, hasa vikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu. Kanuni ni mojawapo ya hizi: dolutegraviri imezwe saa 2 kabla ya vitu hivyo, au saa 6 baada yake, ama vyote vimezwe kwa wakati mmoja pamoja na chakula kamili, si kwa maji peke yake. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zenyewe hazina ruhusa hiyo ya kuchanganywa na chakula, zinafuata masaa tu. Pengine kwa kuwa nyanya humpa mara baada ya wali, ndiyo maana virusi vimeendelea kutoonekana. Sipendi tuendelee kutegemea bahati.

Lakini kabla ya masaa, ningeuliza kwanza kama anavihitaji. Je, damu yake ilipimwa ikaonekana imepungua? Kama haikupimwa, madini ya chuma yasubiri kipimo cha hemoglobini. Dawa ya minyoo ndiyo ambayo ningehakikisha kuwa anaipata, na mara nyingi hutolewa shuleni bila malipo. Chochote kingine kinachonunuliwa dukani, yakiwemo maji ya mlonge na unga wa mizizi unaouzwa Marikiti, kipelekwe kliniki kionekane kabla hakijafika mdomoni. Majani ya mlonge yakipikwa kama mchicha ni mboga, hayo sina ugomvi nayo.

Mama Mdogo, Kisauni

Shukurani sana kwenu nyote. Chuma na kalsiamu nimeviweka juu ya kabati na nitakwenda navyo kliniki. Nimepewa Jumanne ijayo, saa moja na nusu asubuhi, kwa sukari, mafuta na hemoglobini kwa mkupuo mmoja.

Mamangu amesema atakwenda nasi, kwa kuwa anataka kumsikia huyo afisa kwa masikio yake. Jana jioni alimkalisha mtoto mbele yake, akampaka mafuta shingoni taratibu kwa kidole, wala hakusema neno. Leo asubuhi mbaazi zilipikwa kwa tui jepesi. Alilalamika kuwa hazina ladha, kisha akaongeza bakuli.